Hotuba ya Mashati

Chumba cha uani
6 Februari

Dada Breki,

Mwalimu amerudi na amri yake ya barua. Anasema ujumbe wa simu umetuzoesha kuongea vipande vipande, na mkalimani asiyeweza kuifikisha sentensi mwisho hafai kukabidhiwa mdomo wa mtu mwingine. Kila mwanafunzi amchague mtu mmoja amwandikie kwa mkono mpaka mtihani upite. Wengine wanawaandikia wachumba. Mimi nimekuchagua wewe, kwa hiyo usithubutu kunijibu kwa simu.

Tuko kwenye kibanda kilekile cha wakalimani, chenye feni inayokoroma kama mgonjwa wa mafua. Kiti chako amekikalia kijana tunayemwita Redio, maana hazimiki. Asubuhi tunamfuata msemaji neno kwa neno. Mchana tunajifunza kubaki nyuma yake kidogo, amalize wazo ndipo tulichukue. Hayo nayaweza. Hata tarakimu hazinisumbui, si ndiyo maana mliniita Kinasa. Shida yangu ni ile unayoijua. Msemaji akisema "mimi niliumia", natakiwa niseme "mimi niliumia", na mdomo wangu unatoa "anasema aliumia". Mwalimu anasimamisha mashine na darasa zima linanigeukia. Jana alisema namsimamia msemaji mlangoni kama mdai kodi, sitaki kuingia ndani. Nikiendelea hivi kwenye mtihani nisahau cheti, na bila cheti ile kazi ya hospitali si yangu.

Ametutaka tena tutoe hotuba kutoka maisha yetu, mmoja aongee na mwenzake akalimani. Redio nimempa habari za paa letu linalovuja. Ile ya Mama, niliyokupa wewe kibandani, sitaisema tena kwa mtu. Sijui hata ilinitokaje siku ile. Labda ni kwa sababu wewe hutua kabla ya kila sentensi, na ule mtuo ulinifanya nihisi kuna mahali pa kuweka kitu. Mama mwenyewe aliniambia mara moja tu, nilipoingia sekondari, huku anashona, akasema nisimwulize tena. Mpaka leo ni wewe peke yako unayejua kwamba baba yangu hakufa kwa ajali ya lori, bali yuko mji mwingine na mke mwingine; na kwamba Mama alipofika hapa akiwa na mimi mgongoni alijiita mjane, kwa kuwa mjane hupewa chumba na mwanamke aliyeachwa huulizwa maswali. Sasa ndiye mwenyekiti wa umoja wa wajane wa mtaa mzima. Mtu akifiwa, Mama ndiye anayeitwa kwenda kulala naye siku za kwanza. Nashukuru uliifuta ile rekodi mbele ya macho yangu.

Anakusalimu. Anauliza kama huko unakula au unameza chai tu.

Mdogo wako,
Kinasa


Ofisi ya tafsiri, ghorofa ya juu
19 Februari

Mdogo wangu Kinasa,

Barua yako imeleta heshima hapa ofisini. Katibu muhtasi aliishika kwa ncha za vidole akaniuliza ni nani huyo bado anaandika kwa wino, akaamini nina mchumba mzee. Sikumkatalia. Mwambie Mama nakula, tena nimenenepa mashavu.

Kazi yenyewe ni maelekezo ya pampu za maji na karatasi za dawa. Leo tangu asubuhi nimekuwa nikiwaonya watu wasimeze marhamu.

Sasa sikiliza kuhusu hiyo "mimi" yako. Kosa lako ni huruma. Ukishaanza kumhurumia msemaji umekuwa mtu wa pili chumbani, na hakuna aliyekualika. Wewe mwazime sauti, basi. Fanya zoezi hili: chukua gazeti, soma kwa sauti, kila penye jina la mtu weka "mimi". "Mimi, waziri wa maji, nimezindua kisima." "Mimi, mshambuliaji, nimekosa penalti." Utacheka mpaka majirani wagonge ukuta, halafu utashtukia umezoea. Usilifanye kimoyomoyo. Ulimi ni msuli, nao hufundishwa kwa kutumikishwa.

Habari zangu si nyingi. Watu wanasema nina sauti ya kusomea, nimepewa vijikazi vya kusoma mbele ya mashine, mambo ya kuchosha. Lakini kuna nafasi inanukia mahali. Mwanamke wa umri wangu hawezi kuzeekea kwenye pampu za maji. Ikitimia utakuwa wa kwanza kujua.

Halafu kuna kitu nilikikumbuka juzi, hivihivi tu. Yale mashati ya baba yako ambayo Mama alihama nayo, alikuwa akiyafua na kuyaanika Jumamosi au Jumapili? Yalikuwa ya mikono mirefu, au naota? Kichwa changu kimechoka, mdogo wangu.

Dada yako,
Breki


Chumba cha uani
27 Februari

Dada,

Jumamosi. Ya mikono mirefu yote, na lile la buluu mfuko wake umechanika pembeni na Mama, fundi mzima, hajawahi kuushona. Anayaanika kamba ya mbele, siyo ya nyuma tunakoanika nguo zetu, ili kila anayekwenda bombani ayaone. Nimeshasema, na leo nasema tena, kwamba hayaaniki kwa ajili ya jua. Anawaanikia majirani.

Zoezi la gazeti limenishinda mara ya kwanza, mara ya pili Mama aliingia akanikuta mimi ni mkuu wa polisi. Aliniambia nikipandishwa cheo tena nianze kuchangia umeme.

Tuombeane.

Kinasa


Chumba cha uani
2 Aprili

Dada Breki,

Nimefaulu. Nimekuwa wa kwanza. Kamati iliandika kwamba nilikalimani kana kwamba maneno ni yangu.

Nikueleze ilivyokuwa. Tuliitwa mmoja mmoja. Nilivaa hedfoni, taa ikawaka, na mwanamke akaanza kuongea kwa ile lugha ya pili tunayosomea, polepole, kwa sauti nzito. Alisema alifika mji asikojulikana na mtu, ana mtoto mgongoni na begi la mashati ya mume aliye hai, akawaambia watu kwamba mume amezama mtoni. Alisema watu walimpa chumba na pole. Alisema kila Jumamosi anayafua yale mashati ya mikono mirefu na kuyaanika mbele ya nyumba, majirani waone jinsi mjane anavyopenda. Alisema yote hayo kwa "mimi", na mimi niliyasema kwa "mimi", nikiyarudisha kwenye lugha yetu. Sikuteleza hata mara moja. Hakuna "anasema" iliyotoka. Mlinzi wa kibanda, mama mtu mzima, alikuwa anajifuta macho kwa kamba ya kitambulisho chake.

Nilipomaliza Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikatoka nje nikakaa nyuma ya tangi la maji mpaka wote wakaondoka.

Wewe umeona mengi kuliko mimi, kwa hiyo nakuuliza. Yawezekana maisha ya watu wawili yakafanana hivyo? Na ile rekodi yetu, dada, uliifuta kweli, au ilibaki nakala mahali ukasahau? Kama ni kusahau niambie tu. Kusahau nitakuelewa.

Mama anakatia watu vitambaa vya sikukuu ya shule. Hajui kitu. Ameniambia nikikuandikia nikupe pongezi zako, kwa kuwa ni wewe uliyenifundisha.

Kinasa


Ofisi ya tafsiri
11 Aprili

Mdogo wangu mshindi,

Nilisoma "nimefaulu" nikapiga kelele mpaka katibu muhtasi akamwaga chai yake. Nilijua. Siku zote nilisema huyu mtoto akifunguka atatupita wote.

Hayo mengine ni woga wa mtihani, na mtu akishaogopa huona sura yake kila kioo. Wanawake walioachwa na kujiita wajane wamejaa kila mji. Ukiingia gulio lolote ukauliza watanyoosha mikono kumi. Na mashati, Kinasa, nani asiyefua mashati? Wanaotunga mitihani hutafuta habari inayomgusa kila mtu, nawe imekugusa, basi wamefanya kazi yao.

Rekodi niliifuta palepale, wewe ukiwa umeniegemea bega. Unakumbuka. Usinitie katika mashaka ambayo hayapo. Kilichosemwa kibandani hakitoki, ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa, na sheria hiyo mimi naiheshimu kuliko mshahara.

Nami nina langu la furaha. Ile nafasi imetoka. Kuanzia muhula ujao nitakuwa mwalimu msaidizi hapo hapo chuoni kwenu. Nitakuwa jirani yako tena, tutakula kwa Mama kila wiki.

Mpe shikamoo yangu.

Dada yako,
Breki


Chumba cha uani
20 Aprili

Breki,

Nilikutambua kabla hujamaliza sentensi ya kwanza. Waliichezea sauti ikawa nzito, lakini mituo yako hawakuigusa. Nimekaa kando yako kibandani muda wa kutosha kujua ni wapi utavuta pumzi. Nilipokuandikia juzi nilikuwa najua. Nilikuuliza kuhusu kusahau kwa sababu nilitaka uwe umesahau. Nilikufungulia mlango kabisa, ubaki kupita tu, nawe ukanieleza habari za gulio.

Usiseme nakala iliangukia mikono ya mtu. Mwanamke wa mtihani alitaja mfuko wa shati la buluu uliochanika pembeni. Sikukuandikia hilo Aprili, nililibakiza makusudi. Kwenye hotuba yangu ya kibandani mfuko haukuwepo. Nilikuandikia wewe, Februari, uliponiuliza hivihivi tu.

Hotuba yangu ilisema "mama yangu". Wewe uliigeuza ikasema "mimi". Ulichukua nafasi ya Mama ukaongea, kisha ukaniweka mimi upande wa pili wa waya niongee kama Mama mbele ya watu wanaotoa maksi. Kumbe nilikuwa siwezi kuingia ndani kwa mgeni yeyote. Ilibidi uniingize kwetu.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwalimu ameiweka ile sauti kwenye mazoezi ya wanafunzi wapya. Miongoni mwa wapya yumo binti wa mama mwenye nyumba wetu. Ameisikia juzi, akarudi nayo nyumbani kama hadithi nzuri, akaisimulia bombani huku watu wanakinga maji. Nilikuwepo. Alipofika kwenye mashati ya Jumamosi, mama yake alicheka. Alipofika kwenye mfuko, mama yake aliacha ndoo ifurike. Aligeuka akaitazama kamba ya mbele. Ilikuwa Jumamosi.

Mpaka ninapoandika hajamwambia Mama neno. Anamsalimu kwa sauti ya chini tu, na Mama anadhani labda ana homa.

Nataka kujua ulimpelekea nani na kwa nini. Usiniandikie mzaha.

Kinasa


Ofisi ya tafsiri
29 Aprili

Kinasa,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Hii ndiyo iliyofika mwisho.

Mwalimu alituandikia sisi tuliohitimu, akitaka hotuba za mtihani. Wenzangu walipeleka mambo ya mbolea na usalama barabarani. Akazirudisha zote, akasema anataka hotuba yenye mtu ndani, na atakayeileta ndiye atakayemfikiria kwa nafasi ya msaidizi. Mimi maisha yangu hayana kitu, Kinasa. Baba mhasibu, mama mhasibu, mimi pampu za maji. Yako ilikuwa kichwani mwangu. Rekodi niliifuta kweli, hapo sikudanganya. Sikuihitaji.

Nilibadilisha lori likawa mto. Nilidhani itapewa darasa la jioni, siyo ninyi. Nilidhani huko kwenye mazoezi itakuwa sauti tu kati ya sauti. Mfuko niliuongeza kwa kuwa ulikuwa mzuri. Ukiwa unatunga kitu unakuwa huna macho ya pembeni.

Lakini na wewe uwe mkweli. Ni nani aliyelia kwamba hawezi kusema "mimi"? Umeisema. Umekuwa wa kwanza. Kama ningekuuliza ungekataa, na leo ungekuwa unarudia mwaka. Siombi shukrani, naomba tu ulitazame na upande huo.

Mama mwenye nyumba mwambie ni hadithi ya kutungwa na mashati yamefanana. Wewe ni mkalimani, kweli utashindwa kumtuliza mama mmoja? Mama usimwambie, utamuua bure. Na nakusihi, usiende kwenye kamati. Wakisikia nimechukua siri ya mwanafunzi mwenzangu, nafasi inaondoka hata sijaikalia, na ofisi hii nimeshaiandikia kwamba naacha. Sina pa kurudi.

Mimi bado ni dada yako.

Breki


Chumba cha uani
17 Mei

Breki,

Sikuwahi kumtuliza mtu. Mama mwenye nyumba alikuja mwenyewe, akafunga mlango nyuma yake, akamwuliza Mama kwa adabu kabisa kama marehemu alikufa kwa lori au kwa mto. Mama alisema kwa lori. Kisha akavua miwani akamwambia hakufa. Alipobaki na mimi aliniuliza swali moja.

"Ulimwambia nani?"

Nikamtaja Breki.

"Yule niliyempima?"

Nikasema ndiye. Akaniambia nimsomee hiyo hotuba. Nikamwambia haijaandikwa, nimeibeba kichwani. Akasema basi niitoe. Niliitoa pale kati ya cherehani na kitanda, yote, kwa "mimi", maana sijui kuisema kwa namna nyingine. Alisikiliza uzi ukiwa katikati ya midomo. Nilipofika kwenye majirani alinyoosha mkono nikanyamaza.

"Hapo umenisingizia," alisema. "Sikuwa nawaanikia watu. Nilikuwa namngoja. Kwenye begi yangeota ukungu."

Kamba ya nyuma, alisema, haipati jua la kutosha. Na mfuko hakuushona kwa kuwa baba mwenyewe alikuwa akiweka peni pale na hakupenda uguswe. Miaka yote hii nimekuwa na mama anayengoja mtu, nikadhani nina mama anayeigiza. Nikakupa wewe mama huyo wa uongo, nawe ukampa sauti, na sasa kila anayejifunza kazi yetu anamjua huyo. Sikuandikii haya ili tugawane lawama. Langu nitalimaliza na Mama. Lako ni lako.

Jumapili alikwenda kwenye umoja wa wajane, akasimama kabla kikao hakijafunguliwa, akawaeleza mwenyewe. Hakuna aliyemtukana. Mmoja tu, mama ambaye Mama alilala naye wiki nzima alipozika, alimwuliza kama usiku ule alikuwa anamcheka moyoni. Mama alisema hapana. Yule mama akachukua mkoba wake akahamia kiti cha mbali. Mama akaacha funguo za ukumbi mezani akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo wateja wanatuma watoto kuchukua nguo, hawaji wenyewe. Mama mwenye nyumba hajatufukuza. Ameacha tu kukaa mlangoni kwetu jioni.

Nilikwenda kwenye kamati. Niliwaomba waitoe sauti ile kwenye mazoezi, na wafute matokeo yangu kwa sababu hotuba niliijua kabla ya mtihani. Yote mawili wameyakubali upesi kuliko nilivyotegemea. Kazi ya hospitali amepewa Redio. Mimi nitarudia na wale wapya, nikiwa kiti kimoja na binti wa mama mwenye nyumba. Walipouliza ni nani aliyeileta hotuba, Mwalimu alitazama dirishani. Nilingoja aseme. Hakusema, nikakutaja. Sikuongeza wala sikupunguza. Barua yao kwako itakuwa imetangulia hii.

Usinijibu.

Kwenye kifurushi hiki kuna gauni lako. Ni lile alilokupima ulipokuja mara ya mwisho, la kuvaa siku utakayopata kazi nzuri. Alikuwa analishona kidogo kidogo baada ya kazi za watu. Nilipomwambia halina maana tena, aliketi akamalizia upindo. Nilimwuliza kwa nini analituma. Akasema amelikata kwa mwili wako, halitamkaa mtu mwingine.

Mimi nilishika mkasi nilifumue. Alininyang'anya.

Binti yake